Kutafuta Nyumba ya Mayatima: Chongoleani, Pangani na Makorora

Katika mwaka 2022 ndugu yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alifariki dunia akaacha mke, mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili, wote watatu wakiwa hawajabaleghe. Aliacha pia duka la nafaka, lori moja kuukuu, na madeni. Lori lilipouzwa pamoja na bidhaa za duka, na kila mwenye kudai akalipwa haki yake, zilibaki shilingi 32,000,000. Marehemu alikuwa ameusia mbele ya mashahidi kwamba sisi ndio tuwe wasii wa watoto wake, na Mahakama ya Mwanzo ikatuthibitisha kuwa msimamizi wa mirathi. Basi sisi, ambao tangu kuzaliwa hatujapata kununua kitu kikubwa kuliko baiskeli, tukajiona tumeshika mali ya mayatima, na usingizi ukatupungua.

Kugawanya hakukutushughulisha. Tuliketi barazani na kitabu kidogo cha Mirathi cha Sheikh Ali bin Hemed al-Buhry, aliyekuwa Kadhi wa Tanga katika zama za Waingereza. Mke ana thumni kwa kuwa marehemu ana watoto. Kilichobaki ni cha watoto, mwanamume mafungu mawili na mwanamke fungu moja. Ukiifanya mali yote mafungu 32, mama apata 4, kijana 14, na kila binti 7. Na kwa kuwa fedha zenyewe zilikuwa milioni 32, hata binti mdogo wa miaka tisa alilihesabu lake kwa vidole.

Kazi ilikuwa katika kuitunza. Shemeji yetu alituambia, "Maalim, fedha hizi zikikaa tutazila. Leo ada, kesho dawa, keshokutwa sikukuu." Alisema kweli. Isitoshe, kwa madhehebu yetu ya Shafi mali ya yatima hutolewa zaka, sehemu moja katika 40 kila mwaka ikitimia nisabu, na fedha iliyolala sandukuni hupungua kwa zaka na tena hupungua kwa bei za sokoni.

Sheikh Abu Ishaq ash-Shirazi, aliyefariki mwaka 1083, ameeleza katika kitabu chake Al-Muhadhdhab kwamba yafaa walii amnunulie yatima mali isiyohamishika, kwani hutoa pato na shina lake hubaki. Lakini ameweka masharti: muuzaji awe mtu wa kuaminika, asije akauza kisichokuwa chake, na mahali penyewe pasiwe penye kuhofiwa kuharibika. Maneno hayo tuliyasikia kwa mwalimu wetu tukiwa vijana, tukayapita kama abiria wa gari moshi apitavyo vijiji vya njiani. Miezi tunayoisimulia hapa ndiyo iliyotufundisha maana yake.

Khabari ya kuwa Maalim ana fedha haikuchukua siku tatu kuenea Ngamiani. Madalali walitujia madrasa, wakatungoja mlango wa msikiti, na mmoja wao, kijana mwenye adabu na pikipiki mpya, akatupakia siku ya Jumamosi kutupeleka Chongoleani.

Chongoleani ni rasi iliyo ng'ambo ya ghuba, kaskazini ya mji. Ukitoka Tanga washika njia ya Horohoro, wapita Amboni, kisha waiacha barabara kuu na kuelekea baharini. Ni mahali pa minazi na mikoko, pa wavuvi wenye kushona nyavu chini ya miembe. Mwaka 2016 ilitangazwa kwamba bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, litafika pwani hapa, na tarehe 5 Agosti 2017 marais wa nchi mbili waliweka jiwe la msingi. Urefu wake ni kilomita 1,443, na katika hizo 1,147 zimo Tanzania. Matangi na gati la kupakilia mafuta yamewekwa Chongoleani; na tangu siku ile kila kichaka kilicho jirani kikapata dalali.

Kijana wetu alisimama juu ya kichuguu, akanyosha mkono. "Shekhe, hapa ukinunua leo kwa milioni tano, mafuta yakianza kupita utauza kwa ishirini."

Tukamwuliza, "Na kabla hayajapita, pato lake ni nini?"

Akacheka. "Ardhi haina mdomo, Shekhe. Haili kitu."

Tukamjibu kuwa ardhi haina mdomo, lakini watoto wanao. Naye, kwa adabu yake, hakukasirika.

Hatusemi kuwa kila aliyenunua upande ule amekosea. Yuko mwenye mshahara wake na shamba lake, ambaye aweza kungoja miaka kumi bila ya kulala njaa. Huyo ana ruhusa ya kucheza na tamaa. Lakini sisi watu wa Tanga tungepaswa kuwa wa mwisho kuamini kwamba mji mzima waweza kuning'inia katika kamba moja. Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, mwaka ule ule ilipoanza kujengwa reli kutoka Tanga. Katikati ya miaka ya 1960 nchi yetu ilitoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka, na chumba cha kupanga Ngamiani kilikuwa adimu kama maji ya kiangazi. Kisha zikaja kamba za nailoni, bei ikaanguka, na mashamba mengi yakarudi kuwa pori. Wazee wetu waliojenga nyumba za vyumba sita wakitarajia makarani na makuli walibaki na milango iliyofungwa na popo darini.

Tukaiomba karatasi ya kiwanja. Ilikuwa hati ya mauziano iliyoandikwa kwa mkono, yenye muhuri wa kiongozi wa mtaa na saini za mashahidi wawili. Enyi vijana, hapa tusikilizeni vizuri. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake. Mtu huwa na haki ya kuimiliki kwa muda, yaani miaka 33, 66 au 99, kwa hati miliki. Ikiwa ni ardhi ya kijiji, Halmashauri ya Kijiji na mkutano wa kijiji wana neno lao, kwa sheria nyingine ya mwaka ule ule. Muhuri wa mtaa huonyesha kuwa watu fulani walikutana siku fulani wakapeana fedha. Hauonyeshi kuwa aliyepokea alikuwa na kitu cha kuuza. Mwenye kutaka kujua hayo huenda ofisi ya ardhi na namba ya kiwanja, akaomba upekuzi wa kumbukumbu, akaona jina la nani limeandikwa na kama kuna rehani juu yake. Kiwanja chetu hakikuwa na namba. Tukarudi mjini.

Yatupasa tukiri kwamba hadhari hii hatukuzaliwa nayo. Miaka kumi na miwili iliyopita tuliwahi kutoa arubuni ya shilingi 500,000, fedha yetu wenyewe, kwa kipande cha ufuoni kusini ya mji, mahali pazuri mno, ambapo maji kujaa yalikuwa yakilamba mizizi ya mivinje. Hatukujua kwamba Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka pwani ya bahari. Tulipolijua tukataka arubuni yetu. Dalali akasema arubuni ikishatoka hairudi. Wanazuoni wetu wa Kishafi hawakubali mauziano ya namna hiyo, ambayo mnunuzi akijitoa hupoteza alichotanguliza. Imamu Ahmad ameyakubali. Dalali yule hakuwa amesoma Shafi wala Ahmad, na fedha hatukuiona.

Juma lililofuata tulielekea kusini kwa njia ya Pangani. Miaka yote ya ujana wetu njia ile ilikuwa ya vumbi jekundu, na kazi ya kuitia lami ilipoanza bei za mashamba ya kandokando nazo zikaamka. Tulipita upande wa Mwambani, ambako kwa miaka mingi ilisemwa kuwa itajengwa bandari mpya ya kina kirefu, na watu wakanunua kwa kutegemea neno hilo. Kilichofanyika hatimaye ni kuichimba bandari ya zamani mpaka mita 13, ili meli zifunge gatini badala ya kushushia mizigo matisharini katikati ya ghuba. Hatukuteremka Mwambani.

Tongoni tuliteremka, si kwa kununua bali kwa kuswali adhuhuri na kuzuru. Pana msikiti wa mawe ya matumbawe ulioanguka dari, na makaburi zaidi ya arobaini yaliyojengwa wakati mji ule ulipokuwa mji. Vasco da Gama alipita pwani hii mwaka 1499, na hapa karibu aliichoma jahazi yake moja, São Rafael, kwa kuwa mabaharia wake walikuwa wamebaki wachache. Bila shaka siku hizo Tongoni palikuwa na nyumba, wapangaji, na ugomvi wa mipaka. Leo mbuyu umesimama, na mbuzi walala kivulini mwa ukuta wa kibla.

Pangani ilitupendeza kuliko ilivyotufaa. Ni mji uliolala mdomoni mwa mto wa jina lake, penye historia nzito. Hapa ndipo Wajerumani walipomnyonga Abushiri bin Salim mwezi wa Desemba 1889. Zimebaki nyumba za ghorofa zenye kuta nene za mawe na chokaa, boriti za mikoko, milango ya nakshi. Tulionyeshwa moja iliyotazama mto, na bei yake ilikuwa ndogo kiasi cha kutushtua. Shemeji yetu, ambaye siku hiyo alifuatana nasi, aliingia mpaka uani, akatoka akasema kuwa ukuta wa nyuma una ufa unaopitisha mkono. Ufa huziba. Kisichozibika ni kile tulichokisikia barazani kwa mzee wa jirani: mwenye nyumba alifariki zamani, mirathi yake haikugawanywa, wanawe wakafariki nao, na sasa warithi ni watu 23, baadhi yao wako Unguja, baadhi Dar es Salaam, na wawili hakuna ajuaye walipo. Aliyetaka kutuuzia alikuwa mmoja tu. Na ng'ambo nyingine ya mji tuliona jinsi bahari ilivyoula ufuo mwaka hata mwaka, tukakumbuka sharti la pili la Sheikh ash-Shirazi.

Tukarudi basi Tanga, tukaacha kutazama mbali. Tulizunguka kwa baiskeli mitaa tunayoijua: Msambweni, Mikanjuni, Chumbageni, Makorora. Katikati ya mji tulipita chini ya roshani za majumba ambayo mwezi wa Aprili 1971 Serikali iliyatwaa kwa sheria, yale ya kupangisha yenye thamani ya kupita shilingi 100,000. Yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 yakatiwa katika Shirika la Nyumba la Taifa. Wenye majumba wengi walikuwa Waasia waliozaliwa hapa hapa. Mwenye kuwekeza katika nyumba na ajue kuwa hata jiwe laweza kuondoka usiku mmoja.

Nyumba ya Makorora haikuwa nzuri. Ni nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, ukumbi katikati, ua nyuma wenye jiko na choo. Vyumba viwili vya mbele vimetobolewa milango ya duka, kimoja cha fundi cherehani na kimoja cha muuza mkaa. Bati lina kutu, ila boriti ni nzima. Tuliiendea mara nne: asubuhi, adhuhuri, usiku, na siku ya mvua kubwa ya masika, tukasimama na mwavuli kuona maji yaelekea wapi. Yalikwenda barabarani. Tuliwauliza wapangaji, si mwenye nyumba, wanalipa kiasi gani na maji ya bomba hukatika mara ngapi, na mama mmoja mwenye kukaanga samaki akatupa khabari ambazo dalali asingetupa kwa mwezi mzima, ikiwamo ile ya shimo la choo kuwa limechoka.

Hesabu yetu tuliiandika katika daftari la mahudhurio. Maduka mawili kwa shilingi 50,000 kila moja, vyumba vinne kwa 30,000: jumla 220,000 kwa mwezi. Hatukuzidisha kwa miezi 12 bali kwa 10, kwa sababu wapangaji huhama na wengine huchelewa. Zikawa 2,200,000 kwa mwaka. Tukatoa 400,000 za matengenezo, zikabaki 1,800,000. Wao walitaka milioni 36, nasi tukafikia 30. Kwa bei hiyo nyumba hutoa sita katika kila mia, nayo ingehitaji karibu miaka 17 kuirudisha bei yake. Kijana mmoja mwenye elimu ya benki alituambia kuwa ni pato dogo, na kwamba tukikopa milioni nane zaidi tungepata nyumba ya Chumbageni. Mkopo wa riba hatuugusi. Akatutajia benki ya Kiislamu, kama Amana iliyoanza nchini mwaka 2011. Tukamshukuru, na kwa mali yake mtu mzima huenda tungekubali. Lakini kumtia yatima deni la miaka kumi kwa ajili ya barabara nzuri zaidi, hapana.

Wauzaji walikuwa ndugu watatu wa kiume, na nyumba ilikuwa ya marehemu baba yao. Tulipowauliza kama kuna mrithi mwingine walitazamana. Mkubwa wao akasema, "Yuko dada yetu, ameolewa Mombasa miaka mingi. Hana haja na nyumba hii, Maalim."

Mtu mwenye wana watatu na binti mmoja, mali yake hugawanywa mafungu saba, na la binti ni moja. Katika milioni 30 ni zaidi ya milioni nne. Tukawaambia waende Mahakama ya Mwanzo, ateuliwe msimamizi wa mirathi, na dada yao aridhie kwa maandishi. Siku mbili baadaye walituma mtu: tukikubali kuandikiana na wao watatu tu, juma hili, bei itashuka mpaka milioni 27.

Hatutaficha kwamba tulitetereka. Milioni tatu ni ada za miaka. Nasi hatukuwa tukijitafutia wenyewe, bali tukiwatafutia watoto wasio na baba, na nafsi haikosi hoja inapotaka kitu. Tulimwendea shemeji yetu tukamweleza yote. Alikuwa akisuka ukili. Hakuinua uso. "Nina mabinti wawili, Maalim," akasema, "na kaka yao ni mmoja."

Alfajiri ya siku ya pili tulipanda basi la Mombasa. Njia ya Horohoro siku hizi ni lami mpaka mpakani. Wapita minazi na mashamba ya Mkinga, wavuka Lunga Lunga, na kabla ya alasiri umeshafika Likoni, huna haja hata ya kupanda feri. Tulimkuta mama wa makamo, mvi zimemjaa, auza maembe ya achari mlangoni. Tulipomtajia nyumba ya Makorora alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama mti wa mstafeli uko bado uani. Uko. "Mimi niliitoka nyumba ile na kisanduku kimoja," akasema. "Hapana aliyenituma salamu za mauzo. Lakini ndugu zangu ni ndugu zangu. Wakinipa langu, mimi nitatia saini kwa mkono wangu."

Ilichukua miezi mitano. Dalali alitwambia mara mbili kuwa mnunuzi mwingine amekwisha leta fedha. Mahakama ilibandika tangazo, ikasubiri siku zake, ikamteua ndugu wa kati. Tulifanya upekuzi ofisi ya ardhi, tukakuta kodi ya pango la ardhi ya miaka minne haijalipwa, nayo ikakatwa katika bei. Aya ya 282 ya Suratul-Baqarah, ambayo twawasomesha watoto kila mwaka kuwa ndiyo ndefu kuliko zote, inahusu kuandikiana na kushuhudisha. Siku hiyo tulikuwa na wakili, mashahidi wanne, na wake wa ndugu wote walioulizwa. Dada yao alikuja kutoka Likoni, akahesabiwa fungu lake pale pale mezani, akalifunga katika leso.

Ushuru wa stempu, ujira wa wakili na nauli zilikula karibu shilingi milioni moja. Iliyobaki ililiwa na choo, kwani shimo lilitumbukia mwezi wa pili, kama mama wa samaki alivyotuonya. Muuza mkaa alihama na duka lake likakaa wazi miezi mitatu. Mwaka wa kwanza hatukupata ile 1,800,000 ya daftarini, bali 1,430,000. Na kodi ya majengo, ambayo tangu mwaka 2021 hukatwa katika luku ya umeme, ilituletea maneno na wapangaji mpaka tulipoirudisha katika kodi zao. Mwaka wa pili ulikuwa na unafuu.

Daftari sasa analiandika binti mkubwa, aliye darasa la saba. Kila mwisho wa mwezi hupita vyumbani na mama yake, kisha huja kwetu baada ya magharibi kugawa kwa 32. Mwezi uliopita alimkosesha kaka yake shilingi 500, tukamrudisha akahesabu tena.